Pole ya Mama Neema

Leo nimemgombanisha Mama Neema na Mtaliano.

Huyo Mtaliano, fundi wetu wa mashine, kateleza hapa kiwandani Zegereni, kaanguka chali. Mama Neema, anayetupikia, akawahi: "Mwambie pole, mwanangu. Mwambie pole sana."

Kiitaliano changu lazima kipitie Kiingereza. Pole nikaifanya "sorry", sorry nikaigeuza "scusa".

Kumbe hiyo wenzetu wanaombea msamaha.

Fundi wa watu akamshika mama mkono, akasema amemsamehe. Na mimi, bila kufikiri, nikatafsiri hivyo hivyo.

"Amenisamehe? Kwani nimemsukuma mimi?"

Chai kamnyima. Anataka aombwe radhi kwanza.

Mwenye Kiitaliano cha uhakika anisaidie, maana wa kuitafsiri hiyo radhi ni mimi tena.