Maharage kwa Ubunifu, Mahindi kwa Ufundi

Mwaka niliorudi Kigoma nikiwa na shahada na sina kazi, nilipewa cheo kimoja tu: mwamuzi wa riplei katika banda la gemu, nyuma ya soko la Mwanga. Aliyenipa ni mama mwenye banda. Upande mmoja alikuwa na runinga na pedi, upande wa pili jiko la makande, yale ya mahindi na maharage.

"Wewe umesoma," alisema, "na huna pa kwenda."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Shida ilikuwa mashine kujaa. Gemu lile la mpira lilimruhusu mchezaji kuhifadhi bao na kulitengeneza upya kama sinema, ndiyo riplei: unachagua kamera, unapunguza mwendo, ukitaka unalirudisha nyuma. Watu walihifadhi mpaka mashine ikawa inakwama. Mama akatangaza kwamba Jumamosi anafuta zote, ibaki moja, na hiyo ndiyo atakayoiwasha kila asubuhi akifungua banda.

Baada ya mchujo zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya afisa mifugo, mtu wa Moshi aliyehamishiwa kwetu, mpole isipokuwa akishika pedi. Riplei yake ilikuwa safi kama shati lake: pasi baada ya pasi, kamera ikiteleza pembeni, mpira ukajikunja kwenye kona ya goli bila kugusa mwamba. Hata ungekuwa na roho mbaya namna gani, usingeona kasoro.

Ya pili ilikuwa ya Mrundi wa rika langu, aliyetoka kambi ya wakimbizi kwa kibali kuja kumuuguza shangazi yake mtaa wa Gungu. Shangazi alishapona, kibali kilikuwa kinakwisha, na kwao kambini walishajiandikisha kurejea Burundi.

"Kaka," aliniambia tukisubiri zamu, "kambini nyumba yetu itabomolewa. Huko tuendako sijui kama kuna nyumba. Hii riplei nataka ikae mahali."

Akacheka, akaniomba kipande cha chapati. Nilimpa yote. Hamu ilikuwa imeniisha.

Riplei yake ilikuwa ya bao alilofungwa yeye mwenyewe. Aliiendesha kinyumenyume: mpira unatoka wavuni, kipa aliyelala anasimama, mabeki walioanguka wanainuka, kila mtu anarudi alikotoka, polepole, mpaka mpira unatulia katikati ya uwanja na hakuna aliyefungwa. Ila katikati kamera ilimponyoka, ikajibamiza nyuma ya bango la matangazo. Kwa muda tukawa tunaangalia mgongo wa bango.

Niliwaza kupita kiasi. Ubunifu na ufundi vina uzito sawa? Nikimhurumia Mrundi, huruma nayo ni alama? Na nikijikaza nisimhurumie, si nitakuwa namdhulumu? Mwishowe nikaazima bakuli mbili kwa mama, moja ya kila mshindani. Maharage yake yaliyokwisha chemshwa yangekuwa alama za ubunifu, mahindi alama za ufundi, kila aina mwisho kumi.

Mrundi alipoona akashika kichwa. "Yoo! Nimekula mahindi na maharage ya mgao tangu utotoni, na leo yananihukumu?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikahesabu kwa heshima zote. Afisa: mahindi kumi, maharage manne. Mrundi: mahindi matano, maharage tisa. Sare.

Nikatoka kidogo kupunga upepo, nikatazama ziwa kule chini, nikajiuliza kama lile harage moja lililopasuka lihesabiwe nusu. Niliporudi, bakuli zilikuwa tupu na mama alikuwa anakoroga sufuria.

"Mama, alama zangu!"

"Alama gani? Nimeona chakula kimezagaa, nimetia sufuriani. Kama unazitaka, chambua."

"Mwamuzi sema kwa mdomo, bwana!" watu wakapiga kelele.

Nikachungulia sufuria. Afisa akaja kuniokoa, au alidhani anajiokoa. "Mbona rahisi? Irudisheni ya huyu ndugu, tulione lile bango. Kosa ni kosa."

Ikarudishwa. Bango likapita, afisa akalinyooshea kidole, "Hilo hapo!" Lakini hakuna aliyebonyeza kuizima. Kipa akasimama. Mabeki wakainuka, wakarudi nyuma mmoja mmoja. Kidole cha afisa kikashuka taratibu. Mpira ulipotulia katikati, akajikohoza.

"Hebu tena," akasema.

Ya kwake tulikuwa tumeisifu, tukageukia mambo mengine. Hakuna aliyesema "hebu tena."

"Afisa," nikasema, "ya kwako imetengenezwa vizuri zaidi. Inayobaki ni ya huyu."

"Umehongwa makande wewe!" akasema, lakini alikuwa amemshika Mrundi begani.

"Umesikia, mwanangu?" mama akamwuliza Mrundi, akimpakulia makande.

"Ego, mama," akaitikia ndiyo kwa Kirundi, akainamia sahani yake akala alama zetu zote, akaongezewa.

Wiki iliyofuata Mrundi hakuwepo; kibali kilikuwa kimekwisha. Riplei iliendelea kuwashwa kila asubuhi. Wakaja wateja wapya wasiomjua, nao wakaizoea kuliko sisi. Kamera ilipokaribia kuponyoka, banda zima lilikuwa linasubiri, pedi mkononi, kisha kwa pamoja: "Bangooo!" Na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa afisa mifugo.