Kila Mmoja Alilia Mlangoni Kwake

Mama alikwenda Lubumbashi kumuuguza mdogo wake, na huko corona ikamkamata yeye. Magari ya abiria yalikuwa yamesimamishwa. Habari ya kifo chake ilitufikia Likasi kwa simu, naye ameshazikwa na watu tusiowajua, waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni.

Baba hakulia. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha shaba, mtu wa kufuata saa. Kesho yake asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda kusimama pale yanaposimama magari ya Lubumbashi. Akafanya hivyo kila siku, na kituo ni kitupu.

Siku ya sita nilimfuata.

"Papa, turudi. Mama alishakufa."

"Nani alimuona? Weye ulimuona?"

"Hapana, Papa."

"Basi juu ya nini unasema alikufa?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kushona. Nilikaa tu mbele ya mashine, kitambaa mkononi, mpaka nasikia harufu ya maharagwe yanaungua.

Watu walikatazwa kukusanyika, kwa hiyo hakuna aliyekuja kukaa nasi kilioni. Jirani yetu, mama wa Kikasai muuza makaa, aliliona koti la baba likipita kila asubuhi. Akaniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Kilio ya mama yako haiwezi kupita bule," alisema. "Kama batu hawaingii kwenu, kila mutu atalilia pa mulango yake."

Jumamosi mchana wanawake wa mtaa wetu wa Kikula walitoa viti nje, kila mmoja mbele ya nyumba yake, wote wakielekea kwetu. Muuza makaa akaanza wimbo wa mazishi peke yake. Nyumba ya pili ikaitikia, ya tatu, mpaka kule mwisho nisikoona. Halafu vilio.

"Mama uliyenizalisha!" mmoja akaita. "Nani atanizalisha tena?"

Baba akatoka. Akasimama, akawatazama wote, mlango kwa mlango. Kisha akaketi chini kwenye vumbi na koti lake.

"Kumbe ni kweli," alisema. Akalia hadi nikaogopea kifua chake.

Hakwenda tena kituoni. Lakini hakurudi kuwa yule wa zamani pia. Aliacha kunyoa. Majirani walipokezana kumsalimu kutoka uani, na kuna siku aliwajibu, kuna siku hakuwajibu.

Njia ilipofunguliwa tulikwenda makaburini Lubumbashi. Mlinzi alihesabu matuta kwa kidole, akasita.

"Ni hii, ao ile ya pembeni."

Nilitaka kumgombeza. Baba akanishika mkono, akapiga magoti katikati ya yale matuta mawili.

"Tuwaombee wote wawili," alisema. "Pengine na huyu mwingine hakuna mutu alimufikia."