Gari lilizimwa, moto ukatoka wapi?

Umande bado umetanda kwenye vioo vya magari, na Mama Povu tayari ameinama chini ya boneti ya teksi nyeupe, anafuta. Tambara moja liko mkono wa kulia, jingine mkono wa kushoto, la tatu amelitupia begani. Kila akimaliza kona anasimama, anayatazama yote matatu, midomo inacheza, kisha anaendelea.

Anayemwona kwa mara ya kwanza atadhani anasali. Hasali. Anahakikisha hakuna tambara lililobaki ndani.

Ameosha magari kwenye uwanja huu miaka kumi na moja. Alipoanza, wanaume wa hapa walimtabiria kwamba angechoka kabla ndoo haijajaa. Ndoo zimetoboka, yeye yupo. Hata jina la Mama Povu walimpa kwa kumtania, na sasa wateja wakiingia wanamuulizia kwa jina hilo, wale wanaume wakibaki na sponji mkononi.

Sifa yake ni injini. Wengine hupitisha maji juu juu. Yeye hufuta mpaka kwenye pembe ambazo hata mwenye gari hazijui. Na alikuwa na mtindo wake: injini ikiwa na joto, alitandaza tambara bichi juu yake, akateremsha boneti, akaenda kusugua magurudumu. Akirudi, tambara limekauka.

"Niliona ni ujanja," anasema. "Nisubiri jua la nini, na joto liko hapo chini ya boneti?"

Kisha ikaja ile Jumamosi. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alileta teksi yake kama kawaida. Mama Povu alikuwa akimwoshea bure, maana teksi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ya mdogo wake. Siku hiyo shemeji alitoka safari ya mbali, injini haishikiki kwa joto, na alipooshewa akaondoka mbio vilevile alivyokuja. Alifika nyumbani, akaegesha kando ya ukuta, akazima, akatia ufunguo mfukoni, akaingia kula.

Hajamaliza sahani, jirani akagonga dirisha na kumwambia gari lake linaungua. Shemeji anakiri kwamba alimjibu aache utani, gari ameshalizima. Alipotoka nje, rangi ya boneti ilikuwa inababuka. Watu walileta mchanga na ndoo za maji. Zimamoto walipofika, palikuwa pamebaki chuma na harufu.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka Mama Povu, na mpaka leo hakijatulia. Gari lililozimwa linaungua vipi?

Aliuliza kila mtu, na kila mtu akawa na jibu lake. Fundi umeme wa jirani alimwambia kutoa ufunguo si kuzima kila kitu: betri bado ina umeme, na waya uliochunika ukigusa chuma hutoa cheche hata mwenye gari akiwa usingizini. Mlinzi wa uwanja alishikilia ni panya, wanaoingia kutafuta joto na kutafuna nyaya. Muuza vipuri alisema mpira wa petroli ukipasuka, matone yakiangukia ekzosi ya moto yanatosha.

Ofisa wa zimamoto aliyekuja kukagua alisema yote hayo yanawezekana, hata majani makavu chini ya gari. Injini haipoi papo hapo, alieleza. Gari likisimama, upepo wa mwendo nao unakoma, na joto linabaki limejifungia. Akaongeza, bila nia mbaya yoyote, kwamba wakati mwingine ni tambara tu lililosahauliwa.

"Hapo nikakumbuka," anasema Mama Povu. "Jioni ile nilipokusanya matambara, la manjano sikuliona."

Hakumbuki kama alilitoa. Siku nyingine anauona kabisa mkono wake ukilichukua. Siku nyingine analiona limelala pale pale, karibu na ekzosi. Huenda liliibwa, maana matambara huibwa hapa kila leo. Ofisa naye hakuweza kusema. Chini ya boneti alikuta majivu, na majivu yote yanafanana.

Ilimchukua wiki nzima kujikaza kisabuni aende kwa mdogo wake. Aliogopa kwamba akisema atampoteza, na asiposema atakuwa akimkwepa maisha yake yote. Alimkuta jikoni, na shemeji ameshika tama mlangoni. Akasema yote kwa pumzi moja.

Shemeji aliinuka akasema hapana, ni yeye. Siku chache kabla ya moto alimwita fundi wa barabarani amfungie redio na waya wa kuchajia simu za abiria. Fundi aliunga moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Shemeji aliona, akanyamaza, kwa sababu alikuwa na haraka. Tangu siku ya moto alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mkewe.

Wakaanza kubishana, kila mmoja akiuvutia moto upande wake. Mama Povu anacheka akisimulia, kisha machozi yanamlenga. Mdogo wake aliwaacha waseme weee, akaepua sufuria, akawageukia.

"Mnagombania moto kama urithi," alisema. "Dada, wewe hujui. Na wewe baba watoto hujui. Gari nimeshalikosa. Sasa mnataka nimkose na dada? Kaeni mle."

Wakala. Jibu halikupatikana.

Teksi hii nyeupe ni ya mtu, shemeji anaiendesha tu na kupeleka hesabu jioni. Mama Povu alimwomba atafute mwoshaji mwingine. Shemeji akaileta hapa hapa, akamkabidhi ufunguo.

Matambara sasa anayakausha kwenye kamba. Kazi ikipungua, anakwenda kukaa kwa fundi umeme kujifunza nyaya. "Sitaki kuwa fundi," anasema. "Nataka nikifungua boneti nijue ninatazama nini."

Na je, siku moja akijua kwamba kweli lilikuwa lile tambara la manjano? Anakamua sponji mpaka haina tone.

"Nitaumia. Lakini nitajua. Hivi sasa sijui hata niumie wapi."

Amemaliza. Anamwita shemeji, anamnyooshea matambara, moja, mawili, matatu. Shemeji naye anaingiza kidole na kumwonyesha fyuzi iliyoko kwenye waya wa redio ya teksi hii. Wanatazama ndani, kila mmoja akiushuku mkono wake mwenyewe.

"Funga wewe," anasema Mama Povu.

"Tufunge wote."

Boneti inashuka. Shemeji anaingia, anawasha, halafu anateremsha kioo.

"Mdogo wako kasema leo usichelewe kula."