Uvimbe wa Anwari Wapata Waposaji

Hapa mjini Gujranwala, si mbali na Lahore, binti yako akiolewa na mtu mwenye akili zake, elewa kwamba posa ile ilipitia mikononi mwa shemeji yangu Anwari, mjane wa kaka yangu. Akiolewa na mpumbavu, Anwari atakwambia hukumsikiliza. Mimi ni fundi feni. Watu husema tangu nitoke darasa la saba hakuna feni iliyonishinda, nami sina tabia ya kubishana na watu. Ila kwa kumsoma binadamu, nakiri, Anwari ananizidi kidogo. Kidogo tu.

Mshenga yule akiingia nyumba ya watu, kabla sahani ya sambusa haijaisha ameshajua kwamba kijana anavuta sigara na friji limeazimwa kwa jirani ili wageni walione. Kisha huamua lipi lisemwe na lipi lilale. Ugonjwa, kwa kawaida, hulala. Akina mama wa mji huu amewafundisha yeye kuita pumu mafua na kuita kifafa usingizi mzito. Nani atataka posa penye ugonjwa?

Basi uvimbe ukaja kwake mwenyewe. Alikuwa anaoga, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, mfano wa kokwa ya tende. Hakiumi, hakisogei. Akamwambia bintiye Nadra na kumwapisha asiseme. Nadra ni mwalimu, na hajaolewa, jambo ambalo kwa binti wa mshenga ni sawa na mwana wa mwoka mikate kulala njaa. Akaja kwangu moja kwa moja.

"Ba'mdogo, mama hataki hospitali. Anasema wenye duka la vitambaa wakisikia, hawatakuja tena kunitazama."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema akifa sitaolewa vilevile. Nani atanitafutia?"

Nikavaa koti nikaenda. Nilishapata jibu njiani, kama kawaida yangu: Hakimu Lutfi, si hakimu wa mahakamani bali yule tabibu wa nyuma ya soko la nafaka, anayeuza poda za mitishamba. Nilipomtaja, Anwari hata hakuniangalia.

"Ukoo wake unaujua?"

"Shemeji, wewe unaumwa, huposwi!"

"Titi langu ndilo linaposwa. Wewe una hakimu wako, Nadra ana daktari wake, mwenye duka hapo chini, nimemwambia ni jipu, anataka kunipa mafuta ya nyegere. Haya, waje mmoja mmoja niwaone."

Hakimu Lutfi akaja. Anwari ana kochi zuri ambalo huvuliwa nailoni wakija wakwe wa maana tu. Siku ile nailoni haikuvuliwa. Hakimu akakaa, nailoni ikapiga kelele, akala halua kama mtu aliyeahidiwa.

"Ni baridi iliyoganda," akasema huku anatafuna. "Poda yangu itaiyeyusha. Hakuna kuchomwa, hakuna kukatwa. Nakuhakikishia."

"Huniulizi umeanza lini?"

"Sina haja, dada."

"Huniulizi kama kwetu kuna mtu aliwahi kuumwa hivi?"

"Sina haja. Mimi najua."

Alipoondoka nikapiga paja. "Umemwona? Mtu ana uhakika!"

"Shemeji," akasema Anwari, akikusanya vikombe, "mposaji anayesema hana swali lolote, aletewe binti tu, huwa ana nini?"

Nadra akajibu badala yangu. "Ana mke mwingine Lahore."

"Ana mke mwingine Lahore," Anwari akarudia.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikamwambia basi tungoje Idi ipite. Kwetu kila zito hupangwa baada ya Idi: rangi ya ukuta, madeni, hata talaka.

"Baada ya Idi," akasema, "ndilo neno la wasiotaka kuoa."

Ikabaki posa iliyoletwa na Nadra. Daktari wa hospitali kubwa haji kunywa chai kwa watu, kwa hiyo Anwari alimfungia sambusa akampelekea. Alijifunika uso mpaka nyusi asitambulike. Getini akamuuliza mlinzi njia, na mlinzi aliposikia sauti tu akaruka: "Salaam aleikum, Mama Anwari! Picha ya mdogo wangu imepata mtu?" Sauti hiyo haifichiki kwa shuka.

Daktari Shagufta alikuwa mwanamke mfupi, amechoka, miwani imekaa upande. Mimi nilibaki nje kwa heshima. Bahati nzuri mlango ule haufungiki vizuri.

Aliuliza umeanza lini. Akauliza kama chuchu imeingia ndani au inatoa maji. Akauliza habari za mama, dada, mashangazi.

"Kwetu hakuna ugonjwa wowote," Anwari akajibu kwa ile sauti ya kazini. "Ukoo safi kabisa."

"Mama," Nadra akasema, "huyu si mama wa bwana harusi."

Nikasogeza sikio.

"Mama yangu alikuwa na kidonda kwenye titi," Anwari akasema polepole. "Tuliwaambia watu ni kifua. Alizikwa wakijua ni kifua. Mimi ndiye niliyewaambia."

Jambo hilo hata mimi sikulijua, na mimi najua mengi.

Daktari akampima, titi na kwapa, hakuharakisha. "Mama, sijui ni nini."

"Daktari mzima hujui?"

"Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Huu haunipendezi. Nataka nipige picha, kisha nichukue kinyama kwa sindano nikipime. Kabla ya hapo sisemi neno."

Anwari akacheka kidogo. "Nadra, umemsikia? Huyu hataki kukaa sebuleni. Anataka aingie mpaka jikoni aone masufuria. Huyu ana nia."

Hapo nikaona niokoe jahazi. "Shemeji!" nikaita mlangoni. "Watu wanasema sindano ikiuchokoza, unasambaa!"

"Nani huyo?" daktari akauliza.

"Fundi feni," akajibu Anwari.

"Mwambie sindano haisambazi kitu. Uvimbe aniachie mimi. Kama ana kazi ya kufanya, feni yangu hii inapiga kelele."

Niliitengeneza palepale wakati Nadra na mama yake wako chumba cha sindano. Hailii mpaka leo, nendeni mkasikilize.

Majibu yalipotoka tuliitwa sote watatu.

"Ni saratani," daktari akasema. "Bado ni ndogo, na kwapa linaonekana safi. Tuitoe, halafu dawa. Nina nafasi Jumatatu. Au ukitaka kujiandaa, baada ya Idi."

Nikafungua mdomo. Nadra akanikanyaga mguu.

Anwari alikuwa anatoa picha za watoto wa watu kwenye mkoba na kuzirudisha, anatoa na kurudisha. Jumatatu ndiyo siku wenye duka la vitambaa walikuwa waje kumtazama Nadra. Mwisho akachukua simu akampigia mama wa kijana.

"Bi Farkhanda, Jumatatu msije. Nakatwa titi... Titi, dada, titi! Nina saratani. Na mama yangu ilimuua hiyohiyo, nisikufiche. Kama humtaki tena Nadra, sema sasa nikiwa nimekaa."

Nadra aliinamisha kichwa. Kisha Anwari akaanza kusikiliza, na akasikiliza sana, mpaka nikadhani anatukanwa. Akafunika simu kwa kiganja.

"Daktari, kuna mama mmoja naye ana uvimbe wake tangu mwaka jana. Hajamwambia hata mumewe. Unaweza kumwona?"

"Leo hii. Aje."

Anwari akarudisha simu sikioni. "Anasema uje leo... Hayo ya watoto tutazungumza baadaye... Hapana, usipike chochote. Vaa viatu uje."