Nilivyomfundisha Mkwe Wangu Barabara ya Meru

Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu nikaolewa, na nikajifunza kuendesha pikapu kabla ya mwanaume yeyote wa boma letu. Miaka mingi nimebeba ndizi kutoka Manyatta mpaka Makutano ya Meru, mvua ikinyesha, jua likiwaka, na sijaangusha hata mkungu mmoja. Sisemi hivi kwa kujigamba. Nasema ili ujue kwa nini msichana wangu alinipigia simu mimi, hakumpigia kaka yake.

Huyu msichana wangu wa mwisho ameolewa na Mghana. Majirani wanamwita Mnaijeria na nimechoka kuwarekebisha. Ni injinia wa maji, mtu wa taratibu, anakula chochote unachompa, na Kiswahili alifundishwa na mke wake kwa hivyo kinatoka safi kuliko changu. Wanakaa Embu mjini, lakini kazi yake iko Kiirua, kule mbele ya Meru. Dereva wa ofisi aliacha kazi, na wakubwa wakamwambia mkwe wangu aendeshe mwenyewe ama arudi ofisi ya Nairobi. Wakati huo msichana wangu alikuwa na tumbo kubwa, amekaribia kujifungua. Wakienda Nairobi, mjukuu wangu anaenda nao, na mimi nitakuwa namwona Krismasi kama mgeni.

Si kwamba hajui gari. Ameendesha tangu akiwa kijana. Shida ni kwamba kwao wanapita upande wa kulia. Siku ya kwanza alitoka kwenye geti akashika kulia bila wasiwasi, akaenda hivyo mpaka akakutana uso kwa uso na Probox ya maziwa, na ni yeye aliyempigia mwenzake honi. Akitaka kukata kona anawasha vaipa badala ya taa. Jua kali, kioo kikavu, vaipa zinalia kwii kwii.

"Mami," msichana akaniambia, "nenda naye Kiirua siku moja. Ukirudi uniambie ukweli. Ukisema anaweza, tunabaki. Ukisema hawezi, tunahamia Nairobi."

"Na utaniamini?"

"Wewe hujui kudanganya. Nikiwa mdogo uliniambia nitoke kwaya ya kanisa, eti sauti yangu ni mbaya."

"Ilikuwa mbaya."

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Simshiki mkono, siketi naye bega kwa bega, na simpigii kelele hata akikosea. Vijana wanacheka, na hata kanisani wako wanaosema hayo yamepitwa na wakati. Mimi siyaachi. Kwa hivyo kiti cha mbele sikukitaka. Nilikaa nyuma, upande wa kushoto, mahali ninapoona ukingo wa barabara vizuri. Na kama siwezi kumwamrisha yeye, gari ninaweza.

"Gari," nikasema tulipotoka getini, "shika kushoto."

Akaniangalia kwenye kioo, akaelewa. Ni mtu wa akili.

"Gari," akasema, "mwambie Mama nimesikia."

Tukaenda hivyo. Gari, usikanyage huo mstari. Gari, huyo wa bodaboda hatakuangalia, wewe ndiwe umwangalie. Gari, mbele kuna matuta na hayajapakwa rangi.

"Gari, muulize Mama kwa nini hayajapakwa rangi."

"Gari, mwambie akiyagonga mara moja atayakumbuka bila rangi."

Tulipita Runyenjes akiendesha vizuri kabisa. Moyo wangu ukaanza kumpakata mjukuu. Halafu, kabla ya kufika Chuka, pale barabara inapojikunja na kupanda, tukakuta lori la mbao linajikokota mbele yetu. Lori likawasha taa ya kulia. Mkwe wangu akatoka kulipita.

Kila dereva wa huku anajua lugha ya malori. Mwenye lori anaona mbali kuliko wewe uliye nyuma yake. Akiwasha ya kulia anakuambia kaa, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia pita.

"Gari, rudi," nikasema. Sikupaza sauti. Mtu akipigiwa kelele mikono yake inakufa ganzi.

Akarudi nyuma ya lori. Basi likashuka kwenye kona, likapita mahali tulipokuwa, na upepo wake ukatikisa gari letu lote.

Mbele kidogo akasimama kando ya wauza parachichi. Mikono bado iko kwenye usukani.

"Gari," akasema, "mwambie Mama kwetu taa ya kulia inasema njia ni nyeupe, pita."

Nikaelewa. Kwao malori yanaongea lugha ile ile, ila imegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje. Hakuwa mzembe. Alimtii mwenye lori kama alivyofunzwa, na utii huo ungetuua.

"Gari, mwambie huku ya kulia ni kaa, ya kushoto ni pita."

"Nimesikia," akasema, akasahau hata kupitia kwa gari.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshamaliza. Hawezi. Nilikuwa nitamwambia msichana wangu hivyo, na waende Nairobi, na mimi nitafute nauli ya kuwafuata. Niliumia lakini sikuwa na neno lingine.

Pale Makutano kijana wa petroli akamsalimia kwa Kimeru, akamuuliza jambo, na mkwe wangu akajibu "ii", yaani ndiyo, kwa heshima. Akajaziwa tangi mpaka juu.

"Gari, mwambie Mama sasa mimi ni Mmeru."

"Gari, mwambie Mmeru angeuliza bei kwanza."

Kiirua akafanya kazi yake, mimi nikanunua viazi, na saa tisa tukageuka.

Tukirudi, tukiwa tumeshapita Chuka, tukakuta lori lingine, hili la kokoto. Likawasha ya kulia. Mkwe wangu akakaa nyuma yake. Sikusema kitu. Siku atakayokuwa peke yake nani ataliambia gari? Magari yakapanga foleni nyuma yetu yakipiga honi. Pikapu moja ikaja ubavuni, dereva akatoa kichwa. "Mzee, hiyo ni gari ama ni kitanda?" Mkwe wangu akabaki nyuma ya lori. Ile pikapu ikarudi nyuma mbio ilipoona kilichokuwa kinakuja.

Taa ya kulia ikazimika. Bado akakaa. Halafu ya kushoto ikawaka. Akachungulia, akapiga honi kidogo, akalipita, akarudi kushoto kwake. Hakuliambia gari neno lolote, na mimi pia sikuliambia.

Msichana wangu alikuwa akitungoja mlangoni. Kabla sijafungua mdomo, mume wake akamweleza mambo ya asubuhi, yote, na basi, na upepo wake. Uso wa msichana ukabadilika. Nilimwacha mwanaume amalize. Angeficha, ningemkataa pale pale.

"Ni kweli, Mami?"

"Ni kweli. Asubuhi nusura atuue. Jioni ameturudisha vizuri na sikumsaidia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kesho aende Kiirua peke yake. Mimi nina kahawa ya kuchuma."

Akaniangalia machoni kwa muda mrefu, akitafuta uongo. Hakuupata. Akaketi kwenye ngazi, mikono juu ya tumbo, akamwambia mume wake aende amjulishe mwenye nyumba kwamba hawahami.