Hoteli ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa dobi wa hoteli enzi za ujana wake, katika mji mmoja wa bara, mbali na kwetu. Tangu niolewe nimelishwa habari za mji huo mpaka nikavimbiwa. Eti anaujua wote, hata umfunge kitambaa machoni hapotei. Basi likizo hii baba watoto akasema twende, Mama akawaonyeshe wajukuu hoteli yake.

Hoteli hatukuitafuta sana, kila tuliyemuuliza aliijua. Tukafika mbele yake: paa la kijani, nguzo nyeupe, ngazi pana, mlinzi kavaa glavu. Mama akaitazama juu mpaka chini.

"Siyo hii," akasema.

"Mama, jina si ndilo hilo?"

"Jina ndilo. Hoteli siyo."

Mlinzi akaapa mji mzima hauna nyingine ya jina hilo, wala haijawahi kuwepo. Mimi mwenzenu nikabaki nimeduwaa. Huyu bibi alitudanganya miaka yote, au akili ndiyo inamtoka? Mume wangu uso ulimshuka. Akaninong'oneza kwamba kama mambo ndiyo haya, tukirudi Mama anahamia kwetu, ile nyumba yake tunaifunga. Mama ana masikio ya popo. Akatutupia jicho moja, akashika njia, akatuacha tumesimama.

Tukamfuata mbio na watoto wanalalamika njaa. Akakata kichochoro, akaruka mtaro kwa magoti yaleyale anayoyalilia kila siku, akasimama kwenye geti la bati. Ndani mvuke, harufu ya sabuni, kamba zimejaa mashuka.

"Hii hapa," akasema.

Akaenda moja kwa moja kwenye karo la kufulia la pembeni, akapapasa saruji iliyolika. Dada aliyekuwa anafua akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hili bomba bado linakohoa asubuhi?"

"Linakohoa, mama. Tumeshalizoea."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mume wangu alikuwa anatazama juu, paa lilelile la kijani tuliloliacha sasa hivi.

"Mama, mbona hii ni ileile ya kule mbele?"

"Ya mbele mimi nitaijulia wapi? Tuliingia huku, tukatoka huku. Ukionekana kule, kazi huna." Akatukazia macho. "Haya, nani anahamishwa?"

Niliona haya, na kicheko kilinibana vilevile. Mume wangu akamshika mkono mama yake, akamzungusha mpaka kwenye zile ngazi pana, eti twende tukanywe soda ndani kama wageni wengine. Mama akapanda polepole, anajifuta viganja kwenye kanga.

Mlinzi akamfungulia mlango, akainama. Mama akasogea pembeni, akageuka kutazama ni nani anayefunguliwa.