Festo Anatembea kwenye Kadi

Nilisafiri kwa sababu mjukuu wangu Festo ana miezi kumi na tisa na hawezi kukaa bila kuegemezwa, ilhali kadi yake ya kliniki inasema anatembea. Kila mwezi zahanati yetu humning'iniza kwenye mizani na kuandika kilo. Kisha muuguzi hurundika kadi zote mezani na kuweka tiki kwenye visanduku vya ukuaji kulingana na umri, bila kuinua macho. Kwa utaratibu huo, kijijini kwetu hakuna mtoto aliyechelewa. Jumapili padri akatangaza kwamba mtaalamu wa kupima maendeleo ya watoto atakuwa Mbamba Bay mpaka Jumatano.

Jumanne alfajiri, mimi na binti yangu Skola, mama wa Festo, tulimbeba mtoto mpaka Mbinga mjini, tukapanda basi dogo la kwenda ziwani. Njiani niliisoma kadi upya. Kumbe Festo anasema pia maneno mawili. Sijayasikia.

Jioni, Mbamba Bay, tulipokelewa na dada yangu Paskalia, aliyeolewa huko. Alitupa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, akampakata Festo, akaitazama kadi.

"Kaka, hongera. Mjukuu kakupita kwa mbio."

"Shangazi, usinichekeshe," Skola alisema, na machozi yakamtoka.

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni kwa mtaalamu. Karani alifungua kadi.

"Mzee, leo ni siku ya mwisho, tunapokea waliochelewa tu. Huyu anatembea."

"Nani kakwambia?"

"Kadi."

Paskalia akaichukua, akaiweka sakafuni. "Haya, kadi, tembea uingie kwa daktari. Ukifika, sisi tunarudi nyumbani."

Foleni nzima ikacheka. Mtaalamu akatoka kuona kuna nini, akamwona Festo, akatuingiza. Alimkalisha mkekani, Festo akaangukia ubavu.

"Mngekuja akiwa na miezi tisa," alisema.

"Kliniki tulikwenda," Skola akajibu. "Alipimwa uzito."

Mtaalamu alifuta tiki moja moja, akatuonyesha mazoezi ya kila siku na kutuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Songea.

Alhamisi tulirudi milimani. Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nimejifunza kwamba kalamu haina macho, hivyo nilimkalisha Festo juu ya rundo la kadi, nikamshika mgongo.

Muuguzi akainua uso. "Mzee, shikamoo. Unachelewesha foleni."

"Marahaba, mwanangu. Festo amechelewa zaidi."

Nyuma yangu mama mmoja akamfungua mtoto wake mgongoni, akamsogeza mezani naye atazamwe.